Ukoko wa Mgeni

"Hidaya, njoo kwanza. Niko na neno moja mbele utoke."

Mama Mwanakombo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, katika fleti yao ya Ganshoren, Bruxelles, akimtazama bintiye akijipaka wanja mbele ya kioo. Mvua ya Novemba ilikuwa imeanza tangu alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Hidaya alikwisha kuvaa gauni lake la kijani kibichi, mtandio umekaa vizuri begani, na uso wake ulikuwa na ule mng'ao wa mwanamke anayekwenda kupokea kilicho chake.

"Sema, maman. Nachelewa."

"Weye ulikaa kule Isfahan wiki mbili, ni vile?"

"Ndiyo."

"Siku hata moja walikuacha uingie ku cuisine?"

Hidaya akacheka. "Wangeniachaje, maman? Nikinyanyuka kutoa sahani, wote wananirukia: kaa, kaa! Sikugusa hata kikombe. Walinitunza kama malkia."

"Bon. Malkia." Mama alitikisa kichwa polepole. "Kwetu Buyenzi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Muntu akikunyima jembe wiki mbili nzima, mutoto wangu, si kusema anakupenda kupita wengine. Anangojea tu siku yako ya kwenda."

Wanja ulimteleza Hidaya. Akageuka, kijiti kikiwa bado mkononi.

"Alors, maman! Hata leo? Wewe humpendi Keyvan tangu siku ya kwanza."

"Simuchukii. Anakula kwangu miaka hii yote, na adabu anayo. Lakini hajaleta muntu wa kunisemesha. Hata mujomba, hata rafiki, hata simu ya mama yake. Sultani alileta wazee wake hapa mara ngapi?"

"Sultani ameshaoa."

"Ndiyo," mama akasema. "Ameoa."

Neno hilo lilikaa kati yao kama moshi. Hidaya alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kila posa aliyoikataa aliikataa kwa jina la Keyvan. Akaufuta wanja ulioteleza, akauweka upya, kisha akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Maman, leo ndiyo siku yenyewe. Mama yake amekuja kutoka Isfahan. Amenialika yeye mwenyewe. Unafikiri mtu anaweza kusafiri mbali hivyo kwa ajili ya kula wali tu?"

Mama Mwanakombo alimtazama sana.

"Hapana," akajibu. "Haiwezekani akuje juu ya wali tu."

*

Katika metro Hidaya alikumbatia boksi lake la chokoleti, akafumba macho, akarudi Isfahan.

Alikwenda kule majira ya kuchipua, Waajemi walipokuwa wanaupokea mwaka wao mpya, Nouruzi. Keyvan alimwambia tu, "Twende ukaone kwetu," naye, ambaye tangu awasili Ubelgiji hakuwa amefika mbali zaidi ya pwani ya Ostende, aliomba likizo kwenye nyumba ya wazee ya Auderghem alikokuwa mhudumu, akapanda ndege. Aliambiwa aende akaone nchi. Moyo wake ukaelewa kwamba anapelekwa kwa mama mkwe. Mwanaume humpeleka mwanamke nyumbani kwa mama yake kwa sababu gani nyingine?

Nyumba ya Bibi Talat ilikuwa na ua wa ndani na hodhi la maji katikati. Asubuhi ilitandikwa sofra, kitambaa cha kulia, juu ya zulia: mkate mwembamba uliotoka tanuruni, jibini nyeupe, majani mabichi ya kunukia, jemu ya maua ya waridi. Chai ilikuja kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, na Bibi Talat mwenyewe alimfundisha kukiuma kipande cha sukari kwa meno ya mbele na kuipitisha chai juu yake. Mchana ulikuja wali wa zafarani, kila punje imesimama peke yake, na mchuzi wa kuku uliopikwa kwa jozi zilizosagwa na maji ya komamanga, mzito, mweusi, mchachu na mtamu kwa pamoja. Hidaya alipouonja mara ya kwanza alifumba macho, na nyumba nzima ikacheka kwa furaha.

Kisha ule ukoko. Kwao Buyenzi ukoko wa wali ulikuwa wa watoto na wapishi. Waligombania sufuria nyuma ya nyumba. Kule Isfahan ulikuwa ndio heshima yenyewe. Bibi Talat aliupindua sufuriani mzima, wa rangi ya dhahabu, akauvunja, na kipande kikubwa kuliko vyote akakiweka kwenye sahani ya Hidaya kabla hajampa mtu mwingine.

Hata sala hawakuisahau. Siku ya kwanza Bibi Talat alimtandikia mswala na kumwekea juu yake kile kijidongo ambacho wao husujudia. Akaona mgeni amekisogeza pembeni kwa adabu. Siku ya pili mswala ulikuwa pale pale, na kijidongo hakikuwapo. Hakuna aliyesema neno. Hidaya alisujudu siku hiyo machozi yakimlenga.

Jioni Keyvan alimpeleka sokoni, kwenye mapito yaliyoezekwa kwa matofali, ambako mafundi wa shaba walifua masinia kwa nyundo mpaka masikio yakaziba. Alimwona mzee akipiga chapa kitambaa kwa kibao cha mbao, ua juu ya ua, akikigonga kwa ngumi iliyofungwa tambara. Kila duka walilopita waliletewa chai. Kila fundi alimwinamia Hidaya, mkono kifuani.

"Anasema nini?" aliuliza kila mara, kwa kuwa hakujua Kiajemi.

"Anasema umelitia nuru duka lake," Keyvan alijibu, na macho yake meusi yalikaa juu ya uso wake mpaka akainamisha kichwa kwa haya.

Neno lolote la Isfahan lilimfikia kwa kinywa cha Keyvan. Naye alikiamini kinywa hicho.

*

Keyvan aliishi Etterbeek, juu ya duka lake la mazulia, hatua chache kutoka La Chasse. Hapo ndipo walipokutana: ajuza mmoja wa Auderghem alimtuma Hidaya apeleke kizulia chake kikashonwe, akamkuta kijana ameketi sakafuni na sindano, akisahau hata kumwambia karibu kwa jinsi alivyomkodolea macho. Leo aliufungua mlango akiwa amevaa shati jeupe na tai. Hidaya aliyatafuta macho yake. Hakuyapata.

"Karibu, Bibi Hidaya. Ingieni, tafadhali."

Alisema kwa Kifaransa, na alimwambia *vous*, nyinyi ya heshima. Mtu aliyezoea kumnong'oneza *tu*, wewe ya wapenzi, sikioni sasa alimsemesha kama mteja aliyekuja kuulizia zulia. "Ni haya ya mbele ya mama," Hidaya alijituliza. Akaingia.

Harufu ya zafarani na siagi ilimkumbatia, na baada yake Bibi Talat, mwanamke mdogo wa mvi nzuri na mikono ya joto.

"Hidaya Khanom! Hidaya Khanom!"

Alimwita hivyo, Bibi Hidaya kwa lugha yao, akambusu mashavuni, akampokea koti, akamshika mkono mpaka mahali pa juu kabisa pa sebule, mbali na mlango, kwenye mto mnene kuliko yote. Hidaya akaona ndiyo nafasi yake ya kuomba jembe. Akavua bangili, akakunja mikono ya gauni, akaelekea jikoni huku akionyesha kwa ishara kwamba anataka kusaidia. Bibi Talat alikimbia akajisimamisha mlangoni, mkono kifuani, kichwa kikitikisika. Haiwezekani! Hidaya Khanom! Haiwezekani kabisa!

Juu ya bega lake Hidaya aliona kwamba jikoni kulikuwa na mtu. Msichana mrefu, nywele zimefungwa kwa kitambaa, mikono imejaa maji ya wali. Bibi Talat aligeuka, akaonja kitu sufuriani, akafoka. Alimpiga msichana kijiko cha mbao mgongoni mwa mkono, akasema maneno kumi kwa pumzi moja, na yule msichana akajibu kwa kulalamika, kisha wote wawili wakacheka. Hilo halikuhitaji mkalimani. Chumvi imezidi, mtoto wewe, nani alikufundisha kupika?

Hidaya akaikunjua mikono ya gauni. Wiki mbili Isfahan hakuna aliyemkemea.

"Yule nani?" alimuuliza Keyvan kwa sauti ya chini.

"Mahnaz. Mtoto wa ami yangu. Anasomea meno hapa chuoni."

"Hujawahi kunitajia."

"Hatukuwahi kufika huko," akasema Keyvan, akaenda kuleta glasi ambazo zilikuwa tayari zimeletwa.

Walikaa kula. Ukoko ulipinduliwa, na kipande kikubwa kikaja kwa Hidaya kwanza, kama ilivyokuwa Isfahan. Mahnaz alipewa vipande vilivyobaki chini ya sufuria, akavila kwa vidole bila kujali. Bibi Talat alisema jambo, akamgusa Mahnaz goti ili atafsiri. Keyvan alifungua kinywa kulidaka, lakini msichana alikuwa mwepesi zaidi.

"Mama mkubwa anauliza," Mahnaz akasema kwa Kifaransa safi, akitabasamu, "kitabu chako kimefikia wapi?"

"Kitabu gani?"

"Kile cha kazi za mikono za Isfahan! Keyvan alituambia wewe ni mwandishi, ndiyo maana ulikwenda kule. Mama mkubwa aliwatangazia majirani wote: nina msafiri kutoka Ubelgiji, anaandika juu ya vyakula vyetu na mafundi wetu, nisaidieni asione upungufu. Wale mafundi wa sokoni bado wanauliza majina yao yatatoka lini."

Hidaya alimgeukia Keyvan. Keyvan alikuwa anautazama wali kama mtu anayehesabu punje. Mikono ile mizuri iliyojua kuunganisha nyuzi zilizokatika karne iliyopita ilikuwa imelegea magotini.

Angeweza kusema pale pale. Lakini alikuwa amelelewa kwamba mtu haaibishwi mbele ya chakula.

"Bado naandika," akasema.

Bibi Talat alifurahi. Akasema tena, maneno mengi, na safari hii Mahnaz hakutafsiri haraka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Anasema... ukimaliza umletee mwenyewe. Na anasema uje Nouruzi ijayo, usikose. Utakuwa mgeni wetu wa heshima. Kwenye harusi."

"Harusi ya nani?"

Mahnaz akajifuta vidole. Aliinua macho tu, upesi, yakamfikia Keyvan, yakatua hapo kitambo, yakainama. Hidaya aliyatambua macho hayo. Ndiyo yaliyomtazama yeye kwenye kioo asubuhi ile, alipokuwa akijipaka wanja.

Chakula kilichokuwa kinywani kiligeuka majivu. Akakimeza. Akafuta midomo.

"Bwana Keyvan," akasema kwa *vous* iliyonyooka, "nakuomba unishushe dukani mara moja. Kuna zulia ningependa kuliona."

*

Dukani taa zilikuwa zimezimwa. Mazulia yalisimama yamekunjwa ukutani, na mvua ilichora mistari kwenye kioo cha barabarani. Keyvan alifunga mlango wa ngazi nyuma yake.

"Hidaya, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza miaka mitatu. Leo nijibu. Isfahan ulinipeleka kama nani?"

"Ningewaambiaje? Ningekulaza wapi? Mwanamke ambaye si mke wangu, chini ya dari la mama yangu? Nilitafuta njia ya wewe kufika."

"Nilikuuliza kama nani."

Keyvan akaupapasa mkunjo wa zulia. "Kama msafiri."

"Siku ile pale kwenye hodhi la maji," Hidaya akasema, "siku ya kuondoka. Mama yako alinishika mikono yote miwili, akalia. Nikakuuliza anasema nini. Ukaniambia, anasema, nilikuwa namwomba Mungu binti, leo nimempata. Alisema hivyo?"

Keyvan akageukia kioo cha barabarani.

"Keyvan! Alisema hivyo?"

"Alisema..." Aliufuta uso kwa kiganja. "Alisema anakuhurumia, msichana mwema hivi, kutembea dunia peke yako. Akakuombea Mungu akupe mume mwema."

Hidaya aliegemea mazulia. Maneno yale ya kwenye hodhi ndiyo aliyoyalalia na kuamka nayo tangu majira ya kuchipua. Aliwasimulia wenzake kazini, aliyarudia kwa mama yake akilia kwa furaha. Sasa yalikuwa yanang'olewa, na mahali yalipokuwa palibaki tundu.

"Mume mwema," akarudia. "Na wewe ukasimama pale, ukayageuza maneno."

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi. Nilifurahi sana."

Akamsogelea, akataka kumshika mkono, Hidaya akauvuta. Katika giza lile jepesi Keyvan alionekana kijana, na mwenye kuogopa, na bado mzuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba moyo wake, hata sasa, uliruka kama mbwa anapomwona bwana wake.

"Mahnaz ni neno la baba," Keyvan akasema kwa haraka. "Alilisema kitandani kabla hajafa, mbele ya ami yangu. Mimi sikuchagua. Hidaya, moyo wangu unaujua uko wapi. Nipe mpaka mama arudi nyumbani. Tutaendelea."

"Tutaendelea vipi?"

"Kama tulivyo sasa."

"Na harusi?"

"Harusi ni ya kwao. Wewe na mimi ni jambo jingine."

Hidaya alimtazama muda mrefu, jinsi mtu anavyoitazama nyumba aliyoishi ikiwa inabomolewa.

"Yule msichana anayeosha wali juu anajua kwamba harusi ni ya kwao?"

"Usimtie Mahnaz katika hili."

"Umemtia wewe," akasema, akaushika mlango.

"Hidaya. Nakuomba. Yule ni mama yangu, ni mtu mzima, ana moyo mbovu. Ukimwambia utamuua."

"Mama yangu pia ana moyo. Umekula kwake ukashiba."

Akapanda ngazi. Nyuma yake alisikia hatua za Keyvan, zikimfuata lakini hazimshiki. Hata pale, juu ya ngazi, sehemu moja ya nafsi yake ilikuwa inaomba amkamate begani na kusema: ngoja, nitasema mwenyewe. Alipunguza mwendo kidogo, ampe nafasi. Hakuitumia.

*

Bibi Talat alikuwa anamimina chai. Juu ya zulia, mbele ya mahali pa Hidaya, alikwisha kuweka kitambaa cha sokoni Isfahan, kile cha chapa, kimekunjwa vizuri. Zawadi ya mgeni.

Hidaya hakuketi.

"Mahnaz," akasema, "naomba unitafsirie. Neno kwa neno, kama nitakavyosema."

"Mahnaz, usitafsiri," Keyvan akasema mlangoni, naye kwa Kifaransa.

Msichana akawatazama wote wawili. Tabasamu lilianza kumtoka usoni taratibu.

"Mwambie mama kwamba mimi siandiki kitabu," Hidaya akasema. "Sijawahi kuandika kitabu. Ninawahudumia wazee Auderghem, nawaogesha na kuwalisha. Mwambie mimi na mwanawe tumependana miaka mitatu, na aliniahidi ndoa. Mwambie niliposafiri kwenda kwake, kila alichonilisha nilikila nikidhani nalishwa na mama mkwe."

Mahnaz alikuwa amekuwa mweupe. Hakumgeukia Bibi Talat. Alimgeukia Keyvan.

"Ni kweli?"

"Nimekwambia usi..."

"Sikukuuliza kama nitafsiri. Ni kweli?"

Keyvan aliinamisha kichwa. Basi Mahnaz akavuta pumzi, akajifuta mikono kwenye aproni, akaanza. Alitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, bila kuongeza, bila kupunguza. Hata Hidaya asiyejua lugha aliusikia ukweli ukipita mzima, kwa mara ya kwanza, katika nyumba ile. Sauti ya msichana ilishika mpaka neno la mwisho. Hapo ikakatika, akalisema mara mbili.

Bibi Talat aliweka birika chini. Alimwangalia mwanawe mpaka kijana akageuza uso kuelekea ukutani. Kisha akamwangalia Hidaya, kuanzia mtandio hadi viatu, si kwa dharau, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona. Hidaya alisubiri. Alikuwa tayari kwa tusi. Alikuwa tayari kwa kofi. Na Mungu amsamehe, alikuwa tayari pia kwa kukumbatiwa, kwa maana bado ilikuwa mikono ile ile iliyomwondolea kijidongo kwenye mswala.

Yule mama alinyoosha ushungi wake. Akasimama. Akamimina chai kwenye glasi safi, akaiweka kwenye kisahani pamoja na vipande vya sukari, akamletea kwa mikono yote miwili, akiinama kidogo zaidi kuliko alivyowahi kumwinamia. Akasema polepole, kwa upole ambao haukuwa na ufa hata mmoja.

Mahnaz alitafsiri akitazama sakafu. "Anasema mgeni ni kipenzi cha Mungu. Anasema nyumba yake ya Isfahan ni nyumba yako, wakati wowote utakaopita. Anakutakia safari njema."

"Safari gani?" Hidaya akauliza. "Mimi naishi hapa hapa Bruxelles."

"Ndivyo alivyosema," Mahnaz akanong'ona. "Safari njema."

Hidaya aliipokea glasi. Chai haikuwa na kosa. Akainywa yote akiwa amesimama, ikamchoma ulimi na koo, akairudisha, akaweka mkono kifuani kama alivyofundishwa. Zawadi aliiacha pale ilipokuwa.

Keyvan alimshikia koti mlangoni. Vidole vyake viligusa shingo yake, na mwili wa Hidaya, mjinga, ukakumbuka kila kitu.

"Nitakupigia," alisema kwa pumzi. *Tu*. Sasa ilikuwa tena *tu*.

"Usinipigie."

"Hidaya, nitakuja. Nikitulia nao kidogo, nitashuka."

Hakumjibu. Lakini, ole wake, alilisikia.

*

La Chasse kulikuwa na watu wa Jumamosi, wamebeba mifuko, miavuli ikigongana. Hidaya alisimama kituoni. Tramu ikaja, akaiacha ipite. Ikaja nyingine, akaiacha nayo. Alijiambia kwamba zimejaa. Hazikuwa zimejaa. Alikuwa anaitazama barabara alikotoka, na kila shati jeupe lililotokeza kwenye mvua lilimnyanyua moyo na kuudondosha.

Hatimaye akasikia viatu vinakimbia. Akageuka kabla hajajizuia.

Alikuwa Mahnaz, bila koti, aproni bado kiunoni, mvua ikimtiririka usoni.

"Miaka mitatu," msichana akasema akihema. "Ulisema mitatu. Ni mitatu kweli?"

"Ni kweli."

"Mimi alinivisha pete mwaka jana. Wiki ile aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kumshika mwanamke mkono." Akacheka kicheko kibaya. "Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikaona ni usafi wa moyo."

Hidaya aliuvua mtandio wake, akamfunika kichwa. Walisimama, wanawake wawili chini ya paa moja la kituo.

"Utaolewa naye?"

"Baba yangu ameshawaalika watu." Mahnaz alitazama reli. "Sijui. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi nimekuwa msafiri, sijui njia za kwenu."

Taa za tramu zilijitokeza mbali, chini ya mteremko. Hidaya alijua kwamba asipouliza sasa hatauliza tena, na kwamba jibu lolote lingekuwa bora kuliko kuirudisha shingo yake kwenye barabara ile. Amefungiwa na mama yake? Amejifungia chumbani analia? Amekwisha kuvaa viatu?

"Anafanya nini?"

"Nani?"

"Keyvan."

Mahnaz alisita. Alikuwa mtu asiyeweza kugeuza maneno, hata kwa huruma.

"Mama mkubwa amempakulia tena," akasema. "Anakula."

Hidaya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Tramu ikasimama, milango ikafunguka, akapanda. Akaketi dirishani, na kabla La Chasse haijapotea nyuma yake alikuwa analia kwa sauti, waziwazi, mabega yakitikisika, mbele ya watu na mifuko yao. Mzee mmoja alisogeza magoti ampishe nafasi zaidi. Mwanamke aliyekuwa mbele yake aligeuza uso akatazama nje. Hakuna aliyemuuliza kitu, mpaka mwisho wa njia.